Treningi Iliyomtosha Golikipa

Kulipokucha, ukungu ulikuwa ungali umelala juu ya malisho ya kijiji cha Muheto. Ng'ombe walisikika, lakini hawakuonekana. Epiphanie alichukua jembe, akashuka kwenye shamba lake la viazi. Alilima mpaka jua likafunua vilima, kimoja baada ya kingine. Siku hiyo alilima haraka kuliko kawaida.

Mume wake, Evode, alimkuta ameshamaliza upande mmoja wote.

"Leo unapiga jembe kama muntu anafukuzwa," alisema.

"Nafukuzwa na saa, Papa. Mchana tuko na mazoezi ya mupira."

Evode alicheka. "Bantu banaona mwili yako, banasema: Evode analisha bibi yake muzuri. Sasa wewe unataka kuikimbiza mpaka iishe! Watasema nini juu yangu?"

"Watasema bibi ya Evode iko golini, na hakuna kitu inapita."

Epiphanie alikuwa mwanamke mkubwa. Alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana, nyonga pana na mapaja mazito. Aliweza kubeba mfuko wa viazi kutoka bondeni hadi barabarani bila kuutua. Ilikuwa miaka ya vita. Mara ya mwisho kijiji kilipokimbia risasi, Epiphanie alimbeba mama mkwe wake mgongoni hadi ng'ambo ya kilima. Siku ile hakuna aliyemwambia kwamba mwili wake umezidi.

Siku nyingine walimwambia, tena kwa sauti. Sokoni walimwita "nyumba ya vyumba vitatu". Kanisani walimwachia ukingo wa benchi. Lakini golini mambo yalikuwa tofauti. Alipotanua mikono yake, goli lilijaa. Akina mama wenzake walimwambia, "Wewe njo ukuta yetu!" Ndiyo maana alilipenda goli. Hapo ukubwa wake ulikuwa ndio hasa uliohitajika.

Tarehe nane Machi, Siku ya Wanawake, ilikuwa inakaribia. Akina mama wa Muheto wangecheza na akina mama waliokimbia vita kutoka Ntoto, huko Walikale, ambao sasa waliishi katika kambi chini ya parokia. Muheto nzima ilizungumza habari ya mchezo huo. Hata wazee waliokuwa hawajui mpira una pande ngapi walibishana juu ya atakayeshinda.

Alasiri ile, mazoezi yalianza kwa furaha. Mwalimu Adelaïde, aliyefundisha mazoezi ya mwili katika shule ya sekondari, alipuliza filimbi. Wasichana wa timu walivaa suruali za michezo. Epiphanie alivaa kikwembe, kitenge alichokifunga kiunoni kwa fundo kubwa.

Mpira wa kwanza ulikuja juu. Akaudaka. Wa pili ulikuja pembeni. Akaupiga teke. Wa tatu ulikuja chini, polepole kabisa, kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Epiphanie aliinama. Fundo likafunguka. Kikwembe kikaanza kuteremka. Akakidaka kwa mikono yote miwili, na mpira ukapita katikati ya miguu yake.

"Goliii!"

"Mama Epiphanie, umeshika nini?"

"Ameshika kikwembe! Mupira umejipitia, haukuomba hata njia!"

Walicheka hadi wengine wakaketi chini. Epiphanie naye alicheka, lakini uso wake uliwaka moto. Kapiteni wa timu alipomaliza kucheka, alifuta machozi, akasema, "Mama, tunakupenda. Lakini siku ya mechi hatuwezi kucheza na golikipa wa kikwembe. Vaa treningi. Kama haipatikane, tutamuweka mwingine golini."

"Mechi iko lini kabisa?" aliuliza Epiphanie, ingawa alijua.

"Jumamosi yenye kuya. Iko karibu sana."

Epiphanie hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja katika duka la Mama Kavugho.

Kavugho alikuwa mfanyabiashara kutoka upande wa Butembo. Duka lake lilikuwa na kila kitu: chumvi, betri, mafuta ya kupaka, na hasa nguo za mtumba, ambazo ziliingia katika mabalo, marobota makubwa, kutoka Goma. Ukutani palikuwa na picha ya Bikira Maria, na chini yake zilitundikwa treningi: suruali na makoti ya michezo, nyekundu, kijani na buluu. Kwenye baraza ya nyuma alikaa Papa Katembo, fundi wa kushona, na mashini yake.

"Mama Kavugho, natafuta treningi."

Kavugho alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. "Ya mutoto?"

"Yangu."

"Ya kwako haiko, mama. Treningi ni vitu vya wasichana. Ona, hii ndiyo mukubwa kupita zote. Imeandikwa hapa kwenye shingo."

Epiphanie aliichukua, akaenda nyuma ya mifuko ya chumvi. Aliingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Aliivuta, akaivuta tena. Ikafika mapajani. Akapumua ndani, akaivuta kwa nguvu za mtu aliyezoea jembe.

Praaa!

"Mama! Umenipasulia nguo!" Kavugho alipaza sauti. Watu wawili waliokuwa wakinunua chumvi waligeuka.

"Nisamehe," alisema Epiphanie. "Wakati gani utaleta balo ingine?"

"Balo? Barabara ya Sake imefungwa. Banapigana. Kamio ya mizigo haipiti leo ao kesho. Labda mwezi wenye kuya."

Epiphanie alitoka akiwa ameinamisha kichwa. Mwezi ujao mchezo ungekuwa umekwisha, na mwingine angekuwa amesimama golini mwake.

Jioni, Evode aliona kwamba mke wake hali wala hasemi. Alipoelezwa, alimhurumia kweli. Lakini huruma bila maarifa inaweza kuumiza.

"Basi punguza kwanza mwili," alisema kwa upole. "Utacheza mwaka ingine."

Wakati huo Mwalimu Adelaïde alikuwa amefika mlangoni. Alikuwa amesikia.

"Papa Evode, nikuulize. Mtu akikuomba jembe, unamwambia alime kwanza ndipo umpe jembe?"

"Hapana. Atalima na nini?"

"Ndivyo tunavyowafanyia akina mama wakubwa. Tunawaambia: fanyeni mazoezi. Wakitafuta nguo ya mazoezi, tunawaambia: haiko, pungueni kwanza. Wapunguze na nini? Na tena, nani alisema kwamba mazoezi ni ya kupunguza mwili tu? Mazoezi ni ya moyo, ya mapafu, ya magoti, ya usingizi mzuri. Ni ya furaha pia. Kila mwili unayahitaji, mdogo kwa mkubwa."

Evode alijikuna kichwa. "Mwalimu, umenifunga goli."

"Lakini nguo njo hakuna," alisema Epiphanie. "Mwili yangu imeshinda nguo."

"La. Nguo ndiyo imeshindwa," alijibu Adelaïde. "Mwili haukosei. Nguo inashonwa ili ifuate mwili, na mwili haukuumbwa ufuate nguo. Kesho, baada ya misa, twende pamoja kwa Kavugho. Lakini usijaribu nguo yoyote kabla hatujakupima."

Kesho yake walimkuta Kavugho akifungua mlango wa duka.

"Mama Epiphanie tena!" alisema Kavugho. "Umekuya kupasua ingine?"

"Tumekuja kuuliza," alisema Adelaïde. "Balo la mwisho lilikuwa na nguo za michezo nyingi. Zilizotundikwa hapa ni ndogo zote. Katika balo zima hamkuwa na kubwa?"

"Kubwa? Ziko! Zinajaa pale nyuma. Lakini zile haziuzwe."

"Juu ya nini haziuzwe?" aliuliza Epiphanie.

"Nani ataziomba? Toka nifungue duka, hakuna mama mukubwa hata mumoja aliniomba treningi. Tunazipatia Papa Katembo. Treningi moja mukubwa inatoa kaputula mbili za watoto. Sikiya, iko nazikata saa hii."

Kutoka baraza ya nyuma ilisikika sauti ya makasi: krr, krr, krr.

Epiphanie alikimbia. Alipita kati ya mafungu ya nguo kama ng'ombe aliyeona lango wazi.

"Papa Katembo! Simamisha makasi!"

Fundi aliruka kwenye kiti chake. "Mama! Umeniletea vita?"

Mkononi alishika treningi ya kijani, pana, nzuri, na mguu mmoja ulikuwa umeshakatwa. Kando yake palikuwa na fungu. Epiphanie alilitia mikono. Akatoa moja ya buluu. Akatoa nyingine ya rangi ya udongo. Akatoa nyeusi yenye mistari myeupe. Zote zilikuwa kubwa, na zote zilikuwa zikingoja makasi.

"Mwalimu," aliita, ameinua ile ya buluu, "zilikuwa hapa! Muda wote zilikuwa hapa!"

Kavugho alisimama mlangoni, ameshika kiuno. "Lakini mama, kama ulizitaka, juu ya nini haukuomba?"

"Ningeomba namna gani kitu sikujua kama iko? Naingia, naona za wasichana zimetundikwa. Nasema: za kwangu hazitengenezwe. Nakwenda zangu. Na wewe unaniona nakwenda, unasema: hana haja."

Kavugho aliokota ile nyeusi, akaitazama. Kisha akasema polepole, "Sisi wawili tulikuwa tunangojana."

"Naam," alisema Adelaïde. "Na aliyefaidi ni makasi. Papa Katembo, lete utepe wako."

Walitundika vikwembe viwili katika pembe ya duka, wakapata chumba kidogo cha kupimia. Adelaïde alimwonyesha Epiphanie na Kavugho kwa pamoja.

"Tunapima mahali panne. Kifua, pale kilipojaa zaidi. Kiuno. Nyonga, pale zilipo pana zaidi. Na paja, kwa sababu suruali nyingi hushindwa hapo. Utepe uguse mwili, usiubane. Na usivute tumbo ndani, Mama Epiphanie! Uwanjani utapumua, au hutapumua?"

"Nitapumua kama ng'ombe ya Evode."

"Basi pumua."

Kavugho alichukua treningi mbili. "Hii imeandikwa kubwa sana. Hii imeandikwa ya katikati. Apewe hii ya kwanza."

"Zilaze mezani, moja juu ya nyingine," alisema Adelaïde.

Kavugho alizilaza. Alishangaa. Ile iliyoandikwa ya katikati ilikuwa pana zaidi nyongani.

"Maandishi yanadanganya?"

"Kila kiwanda kina kipimo chake. Wengine hupima watu wembamba, wengine wanene. Kwa hiyo alama ya shingoni ni fununu tu. Ukweli uko kwenye utepe, na utepe hausemi vibaya juu ya mtu. Unasema namba, kisha unanyamaza."

"Si kama mimi," alisema Kavugho, na kwa mara ya kwanza alicheka.

Epiphanie alivaa ile ya buluu. Ilipanda bila vita. Ilifika kiunoni, ikafungwa kwa kamba yake. Alitaka kutoka mara moja, lakini Adelaïde alimzuia.

"Nguo ya michezo haijaribiwi kwa kusimama. Chuchumaa."

Epiphanie alichuchumaa. "Inavuta hapa, kwenye mapaja."

"Inua goti. Tembea hatua ndefu."

"Inavuta palepale."

"Vizuri umesema mapema. Nguo inayobana huchubua ngozi na kuzuia pumzi, na mwishowe hupasuka. Inayolegea sana hukuangusha. Papa Katembo, hapo unaweza kufanya nini?"

Fundi aliangalia mahali miguu ya suruali inapokutana. Macho yake yakang'aa.

"Hapo mishono mine inakutana, na nguvu yote inaanguka pale. Njo maana zinapasukaka. Nitafungua, nitatia kipande chenye umbo ya almasi. Nitashona na mushono wa kupinda-pinda, wenye unavutika. Na kitambaa ninacho." Aliinua ile treningi ya kijani iliyokatwa mguu. "Huyu mugonjwa atasaidia wenzake."

"Kipande cha kijani kwenye suruali ya buluu?" aliuliza Kavugho.

"Kinakaa ndani ya mapaja, Mama Kavugho. Ni nani atachungulia?"

Walicheka hadi wapita njia wakasimama kuuliza kuna nini.

Kabla hawajaondoka, Adelaïde alisema jambo moja zaidi, kwa sauti ya chini, nyuma ya pazia. Kifua kizito pia kinahitaji kushikwa vizuri wakati wa kukimbia. Alimshauri Epiphanie atafute sidiria yenye mikanda mipana, isiyokata mabega, na aijaribu kwa kurukaruka. Epiphanie alikuwa amevumilia maumivu ya mabega kwa miaka mingi. Alidhani ni ya jembe.

Siku zilizofuata, duka lilibadilika. Kavugho alizileta treningi zote kubwa mbele, akazitundika pamoja na ndogo, chini ya Bikira Maria. Pazia halikuondolewa. Mteja alipoingia, Kavugho hakumpima tena kwa macho. Alimwuliza: unataka nguo ya kazi gani? Kisha alimpa utepe. Mke wa katekista, aliyekuwa hajawahi kukimbia ila kwa kuogopa risasi, alinunua ile nyeusi yenye mistari. Alisema anataka kutembea asubuhi kwa ajili ya damu yake iliyopanda.

Jumamosi ikafika. Hakukuwa na milio ya bunduki siku ile. Watu walijaa kwenye mteremko kuzunguka uwanja. Akina mama wa Ntoto walipanda kutoka kambini wakiimba, huku wakipiga vidumu vitupu vya mafuta ya mawese kama ngoma. Golikipa wao, Emérence, alikuwa mwanamke mkubwa kama Epiphanie. Alivaa suruali ya mume wake, iliyofungwa kwa kamba ya mbuzi.

Epiphanie alitoka na treningi yake ya buluu. Mzaha ulianza mara moja.

"Ukuta imepakwa rangi!"

"Mama, leo utashika mupira ao utashika kiuno?"

"Kuya upige, utajua!" alijibu.

Kapiteni alimkabidhi glavu, akampiga bega.

Ntoto walishambulia kama mvua ya mwezi wa nne. Epiphanie alidaka wa kwanza. Akaruka juu akapiga wa pili kwa ngumi. Akakimbia mbele, hatua ndefu, akachuchumaa miguuni pa mshambuliaji, akachukua mpira. Upande wa pili, Emérence naye alizuia vizuri, lakini kila aliporuka alilazimika kukaza kamba yake. Katika kukaza hivyo, Muheto walifunga goli moja.

Dakika za mwisho mpira ulitoka mbali, kwa kasi, kuelekea pembe ya chini. Watu wa Ntoto walishaanza kushangilia. Epiphanie hakufikiri. Alijitupa, mwili wake wote, mabega, nyonga na mapaja. Alianguka kwenye tope kwa kishindo, akateleza.

Hakuna aliyetazama suruali. Wote walitafuta mpira. Ulikuwa kifuani pake, umefungwa kwa mikono yote miwili.

Muheto ililipuka! Evode aliruka mbele ya mteremko, kofia yake ikaruka peke yake. "Bibi yangu! Bibi yangu! Nani alisema apunguze? Ni nani muzembe ule alisema apunguze?"

"Ni wewe!" watu walimjibu.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Epiphanie alikuwa amefunikwa na akina mama wenzake. Alipoinuka, alimwona Emérence akivuka uwanja kumjia, ameshika kamba yake ya mbuzi.

"Dada, umetupiga," alisema Emérence. "Lakini si wewe peke yako. Ile suruali imekusaidia. Umeitoa wapi? Sisi wakubwa, banatushoneaga wapi?"

"Hawakutushonea. Zilikuwa zimefichwa. Njoo nikuonyeshe."

Emérence aliita wenzake. Wakaja wakubwa, wakaja wembamba, wakaja wafupi waliokuwa wamekunja suruali mara tatu. Akina mama wa Muheto nao walifuata. Kundi zima, lenye tope hadi magotini, liliteremka barabara likiimba. Kavugho alipoona linakokwenda, aliwapita wote mbio ili akafungue duka.

Emérence aliingia kwanza nyuma ya pazia. Kavugho mwenyewe alishika utepe. Papa Katembo aliketi kwenye mashini, akatia uzi mpya, akauliza kwa sauti ili wote wamsikie:

"Bamama, nijue kama nitalala ao sitalala. Mechi ya kurudiana iko lini?"

"Kesho, Jumapili!" walijibu kwa pamoja, Muheto na Ntoto.